Siku Nilipomwondoa Mama Kwenye Orodha ya Walezi

Kazi iliyonipa jina ni ya milango. Si ile ya mbao, bali ile inayofunguka kwa kadi na kuikataa kadi isiyo yake. Nilisomea diploma ya mifumo ya kompyuta huku nikifyatua matofali kila likizo, kisha nikaenda Ghuba, na huko nikafunga milango katika majengo ambayo ukiyatazama kutoka chini kofia inakudondoka. Mimi ndiye niliyepanga kadi ya mfagiaji ifungue ghorofa zipi na kadi ya meneja ifungue zipi. Walikuwepo wahandisi wa digrii kutoka nchi mbalimbali, na mlango ukigoma, jina lililoitwa lilikuwa langu. Sikuwa na mjomba serikalini wala mfadhili. Niliporudi Machakos nilijenga nyumba ya mawe katika boma la mama, upande wa Mutituni, nikafungua biashara yangu, na leo viwanda vya EPZ kule Athi River vikitaka kujua ni nani anayeingia stoo bila ruhusa, vinanitafuta mimi.

Nasema haya ili ieleweke kwamba nilipomnunulia binti yangu kompyuta yake ya kwanza, na kukaa chini kuiwekea mipaka ya mtoto, nilikuwa na haki ya kudhani kazi ingeisha kabla chai haijapoa.

Chai ilipoa. Ikamwagwa, ikapikwa nyingine. Kwanza mfumo uliuliza tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, nikaiandika. Ukasema mtoto huyu ni mdogo, lazima awe na mzazi. Nikaandika kwamba mzazi ni mimi. Ukasema mzazi yuko nchi nyingine na mtoto yuko Kenya, kwa hiyo haiwezekani. Nilikuwa nimekaa pale pale, goti langu likigusa goti la mtoto, na mashine inaniambia niko ng'ambo. Akaunti yangu ilikuwa ya kule nilikofanya kazi. Mimi nilirudi; yenyewe haikurudi. Nilipojaribu kuihamisha, maandishi yote yakageuka Kiarabu na mpangilio ukaanza kulia kwenda kushoto. Kiarabu changu ni cha kuombea maji na kumkwepa msimamizi. Hakikusaidia.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kochi langu, viatu juu. Anashona katika kiwanda cha nguo huko EPZ na huja nyumbani siku za mapumziko.

"Bro," akasema, "si wewe ndiye ulifunga ile ghorofa refu yote?"

"Nyamaza."

"Nauliza tu. Labda kompyuta ya mtoto ni ngumu kuliko ghorofa."

Binti yangu akacheka, lakini akiangalia ukuta ili nisione. Hilo lilinichoma kuliko Kiarabu.

Nieleze kuhusu huyu mtoto. Yuko gredi ya sita. Amepewa jina la mama yangu, kama desturi yetu Wakamba inavyotaka kwa binti wa kwanza, kwa hiyo mimi humwita mwaitu, yaani mama yangu. Mke wangu, ambaye bado yuko Ghuba akimalizia mkataba wake hospitalini, humwita mama mkwe na kumwomba ruhusa kabla ya kukata simu. Ni mchezo, lakini si mchezo mtupu. Mtoto aliyebeba jina la nyanya ni nyanya huyo amekuja mara ya pili, na huwezi kumfokea ovyo.

Tulimwacha na mama alipokuwa anaanza kutembea. Mama akamlea. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Ndithini na ni mkulima huko, alimchukua kila likizo na kumrudisha amenona. Mdogo wangu alimfundisha kuendesha baiskeli. Mimi nilituma. Nilituma viatu, nikatuma begi, nikatuma simu ya kupangusa kwa mama ili nimwone mtoto, na nilichokiona mara nyingi kilikuwa paa la jikoni, kwa sababu mama alikuwa anaishika simu kama sahani. Niliporudi nilimkuta msichana mrefu aliyenisalimia kwa adabu zote, mkono wa kulia ukishikwa na wa kushoto, kama anavyomsalimia padri. Nilikuwa nimempangia chumba katika nyumba ya mawe, na kitanda, na meza. Aliendelea kulala kwa mama, katika nyumba ya zamani ng'ambo ya ua. Sikulazimisha. Niliwaza kwamba kompyuta itamleta.

Siku iliyofuata akaunti ilikubali kurudi Kenya, sijui kwa huruma gani, na Jumapili hiyo baada ya ibada niliwaita wote sebuleni kwangu. Kwetu kitu kipya cha mtoto huonyeshwa wakubwa kwanza. Dada alikuja kutoka Ndithini na gunia la pojo. Mama alikaa mbele, na leso yake ya kanisani. Niliiunganisha kompyuta na televisheni kubwa ili kila mtu aone, nikasimama kando na fimbo ya pazia mkononi kama mwalimu.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mtu wa kule Ghuba asingelifanya. Mfumo ulikuwa na nafasi ya walezi. Kazi ya mlezi ni kwamba mtoto akitaka kufungua kitu kipya, ombi linakwenda kwenye simu yake, naye anabonyeza Kubali au Kataa. Maelezo yalikuwa yanawatarajia baba na mama tu. Lakini nafasi zilikuwa zaidi, na mbele yangu walikuwa wameketi watu waliomwogesha mtoto huyu. Ningesemaje? Ningemwambia dada, aliyemtembeza mgongoni akiwa na homa mpaka zahanati, kwamba yeye si mlezi? Nikawaandika wote. Mama, dada, mdogo wangu, mke wangu, na mimi kama msimamizi mkuu. Niliweka lugha ya Kiswahili ili mama asome mwenyewe. Nilijiona mtu mkubwa sana siku hiyo.

"Kwa hiyo akiomba, tunaulizwa sisi wote?" dada akauliza.

"Nyote. Wa kwanza kujibu, jibu lake ndilo."

"Na huyu msimamizi mkuu anafanya nini?"

"Anasimamia."

"Kama zamani basi," dada akasema, na wote wakacheka, hata mama.

Niliwaonyesha vifungo. Cha Kubali kilikuwa kulia, kwa kijani. Mama akabonyeza ombi la majaribio, simu ikatoa mlio, akafurahi, akaomba la pili.

Nilichokijenga, kama ningekijenga kiwandani, ningefukuzwa kazi. Ni mlango wenye walinzi watano ambao kila mmoja ana ufunguo na hakuna anayemuuliza mwenzake. Mdogo wangu alikubali kila kitu wakati wa mapumziko ya chai, bila kusoma. Dada alikuwa anapata mtandao akipanda kwenye kichuguu nyuma ya shamba, kwa hiyo alikuwa anakubali mambo yaliyokwisha kukataliwa juzi na kuombwa tena. Mama alimwita mtoto, akamuuliza ni nini hicho, mtoto akaeleza, mama akabonyeza kijani. Mimi niko juu ya ngazi Athi River na waya mdomoni, simu inatetemeka mfukoni; nikishuka, nakuta ombi limeshajibiwa. Nilikataa video za wasichana wanaojipaka rangi za uso, mtoto akaomba tena, mdogo wangu akazifungua. Nikaweka muda wa kufunga jioni, mtoto akaomba nyongeza, dada akampa. Nikampigia dada.

"Alisema hajamaliza kazi ya shule," akasema.

"Alikuwa anaangalia paka!"

"Paka wanafanya nini?"

"Wanaanguka kwenye meza."

"Mm. Nitumie na mimi."

Hivyo ndivyo nilivyoishi. Mtu wa diploma, anayeaminiwa na viwanda, ameshindwa kufunga kiboksi kimoja cha plastiki. Na kila nilipoingia ndani nikitaka kumfundisha binti yangu jambo, kama kutengeneza jedwali au kupanga mafaili, alinisikiliza kwa ile adabu ya padri, akasema asante, kisha akachukua kompyuta akavuka ua kwenda kwa mama.

Kilichonivunja ni mchezo mmoja wa kujenga. Unajenga nyumba, unachimba kisima, unafuga kondoo. Nilikuwa nimeukataa kwa sababu nilijua wachezaji kutoka kokote huweza kuandikiana humo. Jioni moja nilipita kwa mama kuchukua jembe, nikamkuta binti yangu ameinama kwenye meza, na pembeni mwa picha kuna kidirisha cha maandishi. Mtu asiye na jina la kueleweka alikuwa ameuliza anasoma shule gani. Binti yangu alikuwa hajajibu. Vidole vilikuwa juu ya herufi.

Niliifunga kompyuta kwa kishindo. Nikauliza ni nani aliyekubali mchezo huu.

"Ni mimi," mama akasema kutoka kwenye moto. Alikuwa anapika isyo, na mvuke wa mahindi na maharagwe ulikuwa umejaa jikoni. "Aliniambia anajenga nyumba. Kujenga nyumba kuna ubaya gani? Wewe si umejenga?"

"Mama, kuna watu humo ndani!"

"Nyumba isiyo na watu ni ya nini?"

Mtu hamjibu mama yake akiwa na hasira, hilo nililishika. Niliondoka bila jembe, na kesho yake asubuhi, nikiwa Athi River nikingoja kufunguliwa chumba cha mitambo, nilitoa simu, nikaingia kwenye orodha ya walezi, nikaanza kufuta. Mdogo wangu: ondoa. Dada: ondoa. Mama: ondoa. Mfumo ukauliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Nikamwacha mke wangu na mimi. Kisha nikapanda ngazi na moyo mwepesi, kama mtu aliyebadilisha kitasa baada ya mwizi kupita.

Ambacho sikukijua, na hakuna mahali walipokiandika, ni kwamba mfumo hutuma ujumbe kwa aliyeondolewa. Kwa Kiswahili safi nilichokichagua mwenyewe, uliwaandikia: Wewe si mlezi tena wa mtoto huyu.

Mdogo wangu ndiye aliyepiga kwanza. Alikuwa karibu tu, viwanda vitatu mbele.

"Niaje bro. Nimefutwa kazi?"

"Si wewe peke yako."

"Aa, mimi sina shida, nilikuwa kibarua tu. Lakini umemfuta na mathe?"

Nikakaza skrubu iliyokuwa imekwisha kukazwa.

"Bro. Umemfuta na mathe?"

"Ni mfumo tu. Nitamweleza."

"Utamweleza," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi hakuwa na mzaha. "Sawa. Mweleze."

Dada alipiga akiwa juu ya kichuguu chake, upepo ukivuma kwenye simu. Hakusalimia. "Mtoto ana jina la mama, na mama ndiye aliyemlea," akasema. "Umemfungia mama yako mlango mara mbili kwa mkono mmoja." Akakata.

Mama hakupiga. Mpaka saa nane nilikuwa natazama simu kila ninapokaza skrubu. Mama ambaye hunipigia kuniuliza kama nimekula, kunieleza kwamba mbuzi anachechemea, kuniambia mvua ya Kangundo inaonekana kutoka kwake. Hakupiga.

Nilipofika nyumbani jua lilikuwa bado liko juu ya vilima. Mama alikuwa uani amekaa kwenye kigoda, anapepeta pojo alizoleta dada. Binti yangu alikuwa kando yake, anaokota vijiwe kwenye pojo. Nilianza maelezo niliyoyapanga njiani. Nilisema kwamba ni mashine inayoandika yenyewe, kwamba maneno yale hayatoki kwangu, kwamba hata hotelini kule Ghuba kadi ikifutwa mtu hupata ujumbe. Niliongea vizuri. Nimezoea kuwaeleza mameneja.

Mama akaendelea kupepeta. Mwishowe akasema, "Najua ni mashine. Mimi si mjinga wa mashine. Nauliza ni nani aliyebonyeza."

"Ni mimi, mwaitu."

"Haya."

Akaweka ungo chini. Akaingia ndani. Nilimsikia akivuta kitu chini ya kitanda. Alitoka na godoro dogo la mtoto limeviringishwa na kufungwa kwa kamba, juu yake sare ya shule imekunjwa, na viatu vile nilivyotuma. Akaviweka mbele yangu, si kwa kutupa. Angevitupa ningekuwa na la kusema.

"Mlezi ni wewe. Mchukue."

"Mama, sikumaanisha hivyo."

"Mimi sijakasirika. Uliniachia, nikalea. Sasa umerudi na umeandika kwamba nimemaliza. Nimemaliza." Kisha akamgeukia mtoto na kumwambia kwa Kikamba, kwa sauti ya kawaida kabisa, aende na baba yake na asisahau sweta.

Basi nikapata nilichokitaka. Binti yangu alilala katika chumba nilichompangia, juu ya kitanda nilichokinunua, na godoro lake dogo likasimama ukutani kama mgeni aliyekatazwa kukaa. Nilikuwa msimamizi mkuu na mlinzi pekee, maana mama yake alikuwa kwenye zamu za hospitali na maombi yote yalikuwa yanakuja kwangu.

Hakuna ombi lililokuja. Nilikuwa nimetengeneza mlango mzuri mno, na hakuna aliyebisha hodi. Kompyuta ilikaa mezani imefunikwa kitambaa. Nilimuuliza kama kuna anachokitaka kufungua, chochote, nitakubali papo hapo. Akasema, "Hapana, asante." Nilimpikia mayai, akala nusu. Nilimpikia chai, akainywa kama dawa. Baadaye nikajua mama huikamulia ndimu ndani. Sikujua hilo. Ningejulia wapi? Ndimu hazionekani kwenye simu iliyoshikwa kama sahani. Sweta ilikuwa na kifungo kimechomoka. Nikakishona kwa uzi wa umeme, imara kuliko kiwanda chochote, na yeye akakitazama, akasema asante. Nilianza kulichukia neno hilo. Jioni alisimama dirishani akaangalia moshi wa jikoni ng'ambo ya ua. Hakuvuka. Susu, yaani nyanya yake, alikuwa amesema aende na baba yake, na yeye anamtii susu.

Nilirudi kwenye mfumo. Nikamtumia mama mwaliko wa kuwa mlezi tena. Haukujibiwa, ukaisha muda. Nikatuma mwingine. Nikavuka ua kumuuliza.

"Simu haina chaji," akasema. Ilikuwa imechomekwa ukutani nyuma yake.

"Mama, ni kubonyeza tu hapa, pa kijani."

"Ile kazi siiombi. Niliifanya."

Nilimpigia mke wangu, nikamlalamikia kwa kirefu. Nilimwambia kuhusu yule mtu aliyeuliza shule. Nilimwambia kwamba sikukosea, na mpaka leo nasema sikukosea: mlango usiojulikana unafunguliwa na nani si mlango. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na mama mkwe wangu anasemaje?" akauliza.

"Mama hataki."

"Nauliza yule mdogo."

"Anasema asante."

"Mrudishe mama," akasema, na akarudi kazini.

Dada ndiye aliyeniambia namna. Alipiga tena, na safari hii alisalimia. Aliniuliza kama bado natuma mialiko. Nikakubali.

"Unamwalika mama yako kwenye mtoto wake kwa simu," akasema. "Wewe ulisoma mpaka ukapitiliza. Nenda ndani. Usisimame mlangoni na usichukue kiti cha juu. Kaa kwenye kigoda. Umwombe kwa mdomo."

"Nimuombe nini? Msamaha? Nilishamweleza."

"Sikusema msamaha. Mwombe akusaidie. Hujawahi kumwomba kitu tangu uondoke, unajua? Unatuma tu."

Nilikasirika, nikakata simu, nikazunguka nyumba yangu ya mawe nikikagua kamera ambazo hazikuwa na tatizo. Halafu Jumamosi asubuhi nikaenda. Mimi ni mrefu na kigoda cha mama ni kifupi; nilikaa magoti yakiwa karibu na masikio. Mama alikuwa anachochea moto. Alinitazama nilivyokaa, akageuza uso kidogo.

"Mwaitu," nikasema, "huyu mtoto simjui."

Akapuliza makaa.

"Najua kufunga. Sijui chai yake. Nisaidie kumlea."

Maneno hayo ni machache, lakini kuyatoa kulinisumbua kuliko Kiarabu chote. Mama akaongeza kuni. Kisha akasema, "Na yule wa kuuliza shule?"

"Yule ndiye ninayemwogopa. Huenda ni mtoto kama yeye, huenda si mtoto."

"Hukuniambia hivyo. Ulisema kuna watu. Mimi nimeishi na watu maisha yangu yote." Akafuta mikono kwenye leso. "Mtu anayemuuliza mtoto anakokaa kabla hajasema yeye ni wa nani, mimi ningemfukuza na mwiko. Ungesema. Leta hiyo simu."

Niliichomoa ukutani, nikafungua mwaliko, nikanyoosha kidole.

"Toa mkono. Nitabonyeza mimi. Ukibonyeza wewe, utabonyeza tena kesho."

Akabonyeza. Simu ikatoa ule mlio. Safari hii hakuomba wa pili.

Godoro dogo likarudi ng'ambo ya ua siku hiyo hiyo. Tulipanga kwamba mtoto atalala kwa susu siku za shule, na kwangu mwisho wa wiki. Nilimrudisha dada pia. Mdogo wangu alisema amefurahia kustaafu. Nikaweka sharti moja jipya: jambo lenye watu wa kuandikiana, tuzungumze kwanza, mimi na mama, kwa mdomo. Mfumo hauna nafasi ya sharti kama hilo. Nimeitafuta kila mahali, hakuna. Wamejenga kitu kizima kwa ajili ya familia na hawakufikiria kwamba watu wawili wanaweza kutaka kuongea.

Jumamosi iliyofuata, alasiri, simu yangu ikatetemeka. Binti yangu alikuwa ameomba kufungua mchezo wa mafumbo ya hesabu. Niliukagua: haukuwa na kidirisha cha kuandikiana, haukuwa na tatizo lolote. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kijani. Ombi la kwanza tangu nianze kulingoja. Nilikirudisha kidole. Nikamwachia mama ajibu yeye, nione. Ilikuwa mateso. Nilitembea kutoka sebuleni hadi jikoni na kurudi, simu mkononi, nikimlaumu mama kwa kuwa mzito wa kusoma, nikiulaumu mtandao, nikijilaumu kwa kutobonyeza. Hatimaye jibu likaja: Limekataliwa na mlezi.

Limekataliwa! Mchezo wa hesabu! Paka wakianguka kwenye meza walipita, hesabu inakataliwa. Nilikuwa nimeshika kitasa kwenda kumuuliza mama anaelewa nini, mlango ukafunguliwa kwa nje. Binti yangu akaingia bila kubisha, bila kushika mkono wake wa kulia, uso umekunjamana.

"Baba, susu amekataa!"

"Kwa nini?"

"Eti nimeambiwa kufungia kuku tangu mchana na sijafungia. Kuku na hesabu zinahusiana wapi? Nifungulie wewe."

Nilikuwa na uwezo huo. Kifungo kilikuwa pale, cha msimamizi mkuu, cha kufungua hata kilichokataliwa na mlezi. Na alikuwa ameniomba. Mimi, si mwingine, akinikazia macho yaliyo kama ya mama yangu.

"Kuku kwanza," nikasema.

"Lakini wewe ndiye ulinunua kompyuta!"

"Ndiyo."

"Na ulisema wewe ndiye mkubwa wa hiyo mashine yote! Ulisema mbele ya watu!"

"Mkubwa wa mashine amesema kuku kwanza."

"Si haki! Nyinyi wawili mnapatana tu kunionea!"

Akatoka, akaubamiza mlango wangu mpaka fremu ikalia. Ni mlango mzuri. Niliutia bawaba mwenyewe. Nilisimama nyuma yake na simu mkononi, hasira yangu kuhusu hesabu bado haijaisha, nikimsikia huko uani akiwafukuza kuku na kuwagombeza kwa Kikamba, mmoja mmoja, waingie.